Nimetembelea nyumba ya mbao ya mwaka 1936 hapa Tokyo iliyojaa vyombo vya watu wasiojulikana majina, naomba niwasimulie

Mwana Pangani (mleta uzi)

Wakuu habari za Jumapili. Uzi utakuwa mrefu na naandikia kwenye simu, kwa hiyo nitashusha kwa vipande, mnivumilie, ila hii kitu nimelala nayo kichwani na nimeamka nayo, lazima niitoe.

Niko Tokyo mwaka wa pili huu, masomo. Maisha yangu ni chuo, maabara, supamaketi, kulala. Jana nikasema hapana, leo natoka. Nikapanda treni ya Inokashira pale Shibuya, kituo cha pili tu unashuka, panaitwa Komaba-Todaimae, halafu unatembea kama dakika saba kwenye mitaa ya makazi ambayo imetulia mpaka unahisi umepotea njia, mara unaona nyumba kubwa ya kizamani, kuta nyeupe za chokaa, mawe kwa chini, vigae vyeusi juu, na ng'ambo ya barabara kuna geti refu la mbao lenye paa la mawe. Hapo ndipo Nihon Mingeikan, makumbusho ya kazi za mikono za watu wa kawaida.

Hilo neno mingei lenyewe si la kale. Lilitungwa 1925 na marafiki watatu, Yanagi Soetsu aliyekuwa mwandishi na mtu wa falsafa, pamoja na wafinyanzi wawili, Hamada Shoji na Kawai Kanjiro. Walichukua minshu, yaani watu wa kawaida, umma, wakaunga na kogei, ufundi wa mikono. Kabla ya hapo hivi vitu havikuwa na jina la heshima. Yanagi alikuwa akizunguka masoko ya asubuhi ya Kyoto akisikia bibi wauzaji wanaviita getemono, vitu vya bei rahisi, vya hovyo hovyo vya kutumia nyumbani. Bakuli, mtungi, nguo ya shamba, kapu.

Mlangoni nikalipa kiingilio, nikavua viatu nikapewa slipasi. Naendelea.

Mwana Pangani (mleta uzi)

Ukishaingia kitu cha kwanza ni ngazi. Pana, ya mbao, ipo mbele yako moja kwa moja, inapanda kidogo halafu inagawanyika kushoto na kulia kwenda juu. Mbao zina rangi ya chai ya rangi iliyokolea na zimelainika kwa miguu ya watu, na kwa sababu hakuna kiatu humo ndani, unasikia tu slipasi za watu zinavyoburuzika na mbao zinavyolalamika kidogo mtu akipita. Mwanga unaingia madirishani kwa upole, hakuna zile taa kali za makumbusho za kumulika kitu kimoja. Hata makabati ya vioo ni ya mbao. Nilisimama pale chini muda, nikajikuta nimeshusha sauti ya pumzi zangu, sijui kama mtanielewa.

Yanagi alihusika mwenyewe kuichora ile nyumba, na ilifunguliwa Oktoba 1936. Kumbe kabla ya hapo alikuwa amejaribu kuwapa makumbusho ya kifalme ya Tokyo mkusanyo wake wote, bure, wakaukataa. Baadaye akatokea tajiri mmoja wa kiwanda cha nyuzi kule Kurashiki, Ohara Magosaburo, akamwambia nitakupa yen 100,000 ujenge ya kwako, na 100,000 ya miaka ile ya thelathini ilikuwa hela nzito. Leo ndani kuna vitu kama 17,000, vinawekwa kwa zamu, kila msimu wanabadilisha, kwa hiyo ukienda leo na ukienda mwezi wa kumi hukuti yaleyale.

Sasa kitu kilichonishangaza. Hakuna maelezo! Kila kitu kina kibao kidogo cheusi kimeandikwa kwa mkono kwa rangi nyekundu, jina la chombo, kinakotoka, enzi yake, basi. Mwanzoni nikaudhika maana nimezoea kusoma kwanza ndio nitazame. Baada ya chumba cha pili nikaelewa wanachotaka. Yanagi alikuwa akisisitiza mtu atazame kwanza kwa jicho lake kabla ya kwenda kwenye maarifa, maana ukianza na maarifa jicho linafuata tu linachoambiwa. Na kwa kweli macho yangu yakaanza kufanya kazi.

Korogwe Mjini

Dada pole na hongera kwa safari. Naomba kuuliza kwa nia njema kabisa, chungu cha kupikia na nguo ya shamba kina nini cha kuweka kwenye kabati la kioo na mtu alipe kiingilio? Mama yangu anavyo jikoni na hakuna mtu aliyewahi kuja kuvitazama.

Mwana Pangani (mleta uzi)

Kaka Korogwe hilo swali ni la maana na ndilo nililokuwa nalo mimi ngazini. Ngoja nikujibu kwa nguo moja tu.

Kulikuwa na nguo za wakulima wa Tsugaru, kaskazini kabisa mwa kisiwa kikubwa, kule theluji inafunika milango. Enzi za watawala wa kimwinyi mkulima alikuwa haruhusiwi kuvaa nguo ya pamba, alivaa katani tu (ile ya hemp, si ya mkonge wetu), na katani ina matundu, upepo unapita. Wanawake wakawa wanachukua nyuzi nyeupe za pamba wanazipitisha kwenye kile kitambaa cha katani kilichotiwa rangi ya nili, uzi kwa uzi, wakihesabu, mpaka matundu yanaziba. Wanaita kogin. Lengo ni joto na nguo isichanike mabegani pale unapobeba mzigo. Lakini kwa sababu wanahesabu nyuzi, yanatokea maumbo ya almasi ndani ya almasi, yamepangika, na kila upande wa Tsugaru ukawa na namna yake. Hakuna aliyekaa akasema leo nafanya sanaa. Alikuwa anamkinga mumewe na baridi, na mkono ukazoea, na kwa kuzoea ukawa na uhakika, na ule uhakika ndio unauona kwenye kioo leo.

Nilisimama mbele ya ile nguo nikamwona bibi yangu mzaa mama. Bibi alikuwa anasuka ukili. Miyaa anaanika, anachana kwa kucha, anatia rangi kwenye sufuria la nyuma ya nyumba, halafu anasuka anaongea na wewe hatazami mikono, ukili unashuka tu mapajani unajikunja. Mikeka yake ilikuwa inabebwa kwa mafungu na wachuuzi na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza huu kasuka nani. Ndio maana nimeandika uzi huu kaka. Mama yako jikoni kwake ana makumbusho, na swali ni kama kuna mtu anatazama.

Korogwe Mjini

Umenigusa dada. Endelea.

Fundi Maungio

Mimi ni seremala, nimependa hapo kwenye ngazi. Swali la kiufundi, nyumba ya mbao toka 1936 imepona vipi mchwa, unyevu na matetemeko? Na mabomu ya 1945 si yalichoma sehemu kubwa ya Tokyo? Nauliza kwa uchungu maana sisi Beit al Ajaib kule Zanzibar tuliitazama mpaka Desemba 2020 ikaanguka na vijana wawili wakafia pale, jengo la 1883 lile.

Mwana Pangani (mleta uzi)

Fundi, Mungu awarehemu wale vijana. Mimi si mtaalamu wa mbao ila nakupa nilichokielewa.

Moto wa 1945 haukuifikia, ilibaki imesimama. Na hawa watu nyumba ya mbao hawaichukulii kama kitu kilichomalizika siku ya kukabidhi funguo. Lile geti la ng'ambo ya barabara nililowatajia, lile la paa la mawe, halikujengwa pale! Lilikuwa la nyumba ya shamba mkoa wa Tochigi, kaskazini mwa Tokyo, Yanagi akalipenda, likafunguliwa kipande kwa kipande, likasafirishwa, likaunganishwa tena pale Komaba, na pembeni yake akajenga nyumba ya kuishi, ikakamilika 1935. Mbao za kizamani za Kijapani zimeungwa kwa kuingiza ulimi wa ubao huu kwenye tundu la ubao ule, kwa hiyo fundi anayejua anaweza kuzifungua bila kuziharibu, wewe utakuwa unaelewa zaidi yangu. Ule upande wa pili unaitwa Nishikan, jengo la magharibi, na yale mawe ya paa ni ya Oya, mawe yanayotokana na majivu ya volkano, laini kuchonga, rangi ya mchanga mbichi wenye vidoa vya kijani. Nikayakumbuka matumbawe ya kuta za kwetu, nayo hukatwa yakiwa laini.

Na kuna jambo lingine. Mwanzoni mwa miaka ya themanini walihitaji ukumbi mkubwa mpya, ule ukumbi wa zamani wa 1936 hawakuuvunja wakaupeleka jalalani, waliuhamishia mji wa Toyota kule Aichi na mpaka leo unatumika kama makumbusho ya mingei ya huko. Ukumbi umehama mkoa!

Fundi Maungio

Hapo nimekaa chini. Ulimi na tundu tunaufanya sana kwenye milango na fremu, shida ni kwamba mteja wa sasa anataka misumari na gundi kazi iishe leo. Mzee aliyenifundisha alikuwa akisema mlango usioweza kufunguka vipande huwezi kuutengeneza, unaweza tu kuutupa. Asante dada.

Nagoya Yetu

Mleta uzi shikamoo kama umenizidi, kama nimekuzidi marahaba. Mimi niko Nagoya, huko Toyota ni jirani, nimefika na ukumbi huo nimeuingia, sikujua kwamba ulitoka Tokyo, leo umenifumbua macho.

Kwa wasiojua, upande huu wa kwetu, mkoa wa Mie, mji wa Ise, kuna makumbusho ya vinyago vya Wamakonde. Ndiyo, Wamakonde wetu, mpingo mtupu. Mjapani mmoja alianza kukusanya akaishia kufungua nyumba. Nilikwenda miaka michache nyuma, unaingia unakutana na zile kazi za ujamaa, watu wamepandana mti mmoja toka chini mpaka juu, nikasimama nimefunga mikono kama niko msibani. Nimezaliwa Mtwara. Nimepita Mwenge vinyagoni mara mia nikitafuta tu zawadi ya mgeni, sijawahi kutazama kinyago kwa dakika kumi mpaka nilipofika Ise.

Mwana Pangani (mleta uzi)

Marahaba haipo hapo kaka Nagoya, shikamoo wewe umenizidi. Hiyo ya Mtwara mpaka Ise imenitoa machozi.

Umenikumbusha Mokujiki. Alikuwa mtawa wa Kibudha, kazaliwa 1718, aliweka nadhiri akiwa mtu mzima atembee nchi nzima akichonga sanamu 1,000 na kuziacha kwenye vijiji anavyopita, na akafika umri mkubwa sana bado anachonga. Sanamu zake zinatabasamu, mashavu yamejaa, alama za patasi zimeachwa wazi hazikusuguliwa. Watu walikuwa wamemsahau kabisa, Yanagi ndiye aliyeziona 1924 kwenye nyumba ya mtu kule Yamanashi, alikuwa amekwenda kutazama vyombo vya Kikorea, akakuta hizo sanamu pembeni gizani. Akaanza kumfuatilia mkoa kwa mkoa, na ni kwenye safari moja ya kumtafuta Mokujiki ndipo lile neno mingei lilipozaliwa.

Mtu wa Haki

Samahani niingie kidogo. Umetaja vyombo vya Kikorea. Japani iliitawala Korea kwa mabavu 1910 mpaka 1945. Sasa hao wanaojisifia kukusanya mitungi ya Wakorea wana tofauti gani na waliobeba vitu vyetu wakajaza Berlin na London? Naomba usilipite hili.

Mwana Pangani (mleta uzi)

Silipiti, na nashukuru umeuliza.

Kile kitu kilichonisimamisha kuliko vyote mle ndani ni mtungi mweupe wa Korea, enzi ya wafalme wa Joseon. Haujakaa duara sawasawa, umeinama kidogo upande mmoja kama mtu anayesikiliza anachoambiwa. Na historia yote ya nyumba ile inaanzia kwenye chombo kama hicho. Mwaka 1914 mwalimu mmoja aliyekuwa akifundisha Seoul, Asakawa Noritaka, alikwenda kwa Yanagi kutazama sanamu za Rodin, mchongaji wa Ufaransa, na hakwenda mikono mitupu, akambebea zawadi ya chombo cha Joseon. Yanagi kijana wa miaka ishirini na tano, akili yote ilikuwa Ulaya. Kile chombo kikamgeuza shingo.

Sasa utawala. Wakorea walipoandamana Machi 1919 na kuuawa, Yanagi aliandika gazetini kuwatetea, wakati Wajapani wengi wamenyamaza. Mwaka 1922 serikali ya kikoloni ilipotaka kubomoa Gwanghwamun, lango kuu la ikulu ya wafalme wa Korea, aliandika makala ya kulililia lile lango kama mtu anayeuawa, na mwishowe halikubomolewa, lilihamishwa. Na 1924 yeye pamoja na akina Asakawa walifungua makumbusho ya sanaa za watu wa Korea hapohapo Seoul, ndani ya eneo la ikulu, vitu vibaki kwa wenyewe. Mke wake Kaneko alikuwa mwimbaji, alizunguka Korea akiimba kuchangisha pesa za kazi hiyo. Asakawa mdogo, Takumi, mdogo wake Noritaka, alijifunza Kikorea, akavaa Kikorea, alipofariki 1931 akazikwa hukohuko na Wakorea walibeba jeneza lake.

Ila sitaki kumpaka mafuta. Yanagi aliandika kwamba uzuri wa Korea ni uzuri wa huzuni, na Wakorea wengi baadaye walilikataa hilo, wakasema wewe ni mtu wa taifa linalotutawala halafu unatuambia sisi ni watu wa kulia. Nakubaliana nao. Unaweza kumpenda mtu na bado ukamtazama kutoka juu. Na mitungi mingine ipo Komaba mpaka leo, hilo nalo ni kweli, nililitazama nikiwa nalijua. Sina jibu la kulifunga, ila nisingekuwa mkweli kama ningekuficha kwamba ule mtungi nimeupenda.

Mtu wa Haki

Jibu la mtu mzima. Nimekuelewa.

Binti Eldoret

Mimi nasoma tu toka Kenya, huu uzi umeweza. Nimeskia pia huyo Yanagi alikuwa na maneno kuhusu lugha ya Okinawa, ni kweli ama?

Mwana Pangani (mleta uzi)

Ni kweli kabisa dada. Alikwenda Okinawa mara kadhaa kuanzia 1938, kwa sababu ya vitambaa na ufinyanzi wa kule, zile nguo za bingata za rangi ya njano na nyekundu, jana zilikuwepo mbili za aina hiyo juu ghorofani. Akakuta serikali ya mkoa inapiga kampeni watu waache lugha yao waongee Kijapani cha Tokyo tu. Mwaka 1940 yeye na wenzake wakasema hadharani kwamba hii si sawa, ikawa mabishano makubwa magazetini. Shuleni kule mtoto akiteleza akaongea lugha ya nyumbani alivikwa kibao cha mbao shingoni, na hakivui mpaka amkamate mwenzake aliyeteleza.

Binti Eldoret

Wueh. Dadangu, sisi tulikuwa na disk. Ukiongea mother tongue unapewa, unatembea nayo siku nzima, jioni walioivaa wote wanaitwa mbele. Nilikuwa standard four. Nyanya yangu alikuwa anatengeneza sotet, kile kibuyu cha mursik, anakiosha na makaa ya mti fulani mpaka maziwa yanakuwa na rangi ya kijivu, na jina la huo mti alikuwa ananiambia kwa lugha yetu, nami nilikuwa nimeshazoea kuiogopa hiyo lugha nikakataa kuishika. Sai hayuko. Kibuyu ninacho, jina la mti sina.

Mwana Pangani (mleta uzi)

Binti Eldoret nimesoma hiyo nikaweka simu chini. Waulize shangazi zako mapema, leo hii kama unaweza.

Jana nilivyotoka nilimpigia mama usiku wa huku, kwao jioni. Nikamuuliza ule mkeka wa bibi uko wapi. Akasema upo stoo, umekunjwa, juu yake kuna ndoo za rangi. Nikamwomba autoe. Akanipigia video, akautandika ukumbini, rangi ya zambarau imefifia lakini kingo zote zimeshika, hakuna ukili ulioachia. Mama akapitisha kidole kwenye mshono akasema hapa bibi yako alikuwa na homa, angalia sindano imeenda pana. Miaka yote hiyo nimeulalia huo mkeka sikuwahi kujua kwamba mama anaweza kuusoma.

Mama Wawili Saitama

Mdogo wangu uzi mzuri sana. Nina watoto wa miaka 6 na 9, wanaingia? Na hilo jengo la pili la geti la mawe liko wazi siku zote?

Mwana Pangani (mleta uzi)

Dada watoto wanaingia, uwaambie tu mapema ni nyumba ya kutembea polepole na mikono ikae nyuma, maana vitu vingine viko wazi bila kioo. Jumatatu wamefunga. Mlango unafunguliwa saa 4 asubuhi mpaka saa 11 jioni. Wakati wa kubadilisha maonyesho wanafunga siku kadhaa kwa hiyo angalia kalenda yao kabla ya kutoka Saitama, usije ukakuta geti limefungwa na watoto mkononi.

Nishikan, ile nyumba aliyoishi Yanagi mwenyewe mpaka alipofariki 1961, haifunguliwi kila siku, ni Jumatano na Jumamosi za wiki ya 2 na ya 3 za mwezi kipindi cha maonyesho. Mimi jana niliikosa, niliitazama kwa nje tu nikashika ukuta wa geti. Pale dukani chini wanauza vyombo vipya vya mafundi walio hai, bakuli, vikapu, vitambaa, na kila mwisho wa mwaka kuna maonyesho ya kazi mpya ambapo mafundi wa nchi nzima wanaleta kazi zao. Nilinunua kibakuli kimoja kidogo cha kahawia, ndicho nilichonywea uji leo asubuhi.

Mama Wawili Saitama

Basi Jumamosi ya wiki ya pili mwezi ujao naja na hao watoto, twende wote kama una nafasi.

Mwana Pangani (mleta uzi)

Nipo dada. Saa 4 kasoro nitakuwa upande wa geti la mawe. Waje na soksi nzito, zile mbao asubuhi zina baridi.